Uzi: Kuandaa mafunzo ya afya kazini yanayomfaa mpulizaji wa zabibu, mpagazi wa soko la Kibaigwa na mkata mawe

Mleta uzi

Mbukwenyi wanajukwaa.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa mafunzo ya afya na usalama kazini katika mkoa wetu wa Dodoma na wilaya za Singida zilizo jirani, na leo naomba tujadiliane jambo ambalo limenikaa moyoni. Mafunzo mengi tunayoyaendesha yanahudhuriwa vizuri, yanapigwa picha na kuandikiwa taarifa, kisha mshiriki akirudi kazini anafanya vilevile alivyokuwa akifanya jana yake. Nitaweka msimamo wangu wazi tangu mwanzo ili wenye hoja tofauti wapate pa kushika: mafunzo hushindwa pale yanapoandaliwa na mtu ambaye hajawahi kukaa kutwa nzima akiitazama kazi yenyewe, na lawama ya kwamba wafanyakazi ni wagumu kuelewa ni ya uonevu.

Nilianza kulielewa hili katika shamba moja la zabibu upande wa Hombolo. Nilikuwa nimeandaa somo la viuatilifu lenye kurasa arobaini, likiwa na makundi ya kemikali na michoro ya mishipa ya fahamu. Siku moja kabla ya somo niliomba kuandamana na wapulizaji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Kijana mmoja alijaza bomba la mgongoni, akapuliza mistari miwili ya mizabibu, kisha dawa ikagoma kutoka. Akafungua kichwa cha bomba, akakitia mdomoni, akakipuliza kwa nguvu, akatema mate pembeni, akakirudisha mahali pake na kuendelea na kazi. Yote hayo hayakufika hata nusu dakika, na wenzake hawakugeuka kutazama, kwa sababu kwao hapakuwa na la kutazama. Katika kurasa zangu arobaini hapakuwa na neno hata moja juu ya kichwa cha bomba kilichoziba. Usiku ule niliandika somo upya, na sehemu yake ya kwanza ikawa ni kuzibua bomba kwa unyasi au mswaki mkuukuu na maji safi, kila mmoja akifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Jambo jingine nililoondoka nalo pale ni uzito wa neno. Sote huita viuatilifu «dawa»: dawa ya ubwiri (ugonjwa wa ukungu), dawa ya wadudu, dawa ya magugu. Mtu amekua akijua kwamba dawa huponya, na kwamba ikimdondokea mkononi si neno. Siku hizi ninapofundisha naomba washiriki tuiite sumu kwa muda wote wa somo, na mara nyingi ubishi unaozuka hapo hufundisha kuliko maelezo yangu. Hata rangi za lebo zina mtego wake. Utepe mwekundu humaanisha sumu kali zaidi, hufuata njano, kisha buluu, na mwisho kijani. Mama mmoja aliniuliza kama chupa yenye kijani ndiyo iliyo salama, naye aliuliza kwa haki kabisa, kwa kuwa kwingineko kijani ni ruhusa ya kupita. Tangu hapo sionyeshi rangi hizo bila kusema kwamba hata ile ya kijani ni sumu ambayo haitakiwi kugusa ngozi wala kukaa karibu na chungu cha mboga.

Kisha kuna nguo. Mpulizaji anarudi nyumbani na shati lililolowa mgongoni mahali bomba linapovuja, na shati hilo linaingia katika beseni moja na nepi za mtoto. Kampuni au mwenye shamba anaweza kuamini kwamba afya ya mfanyakazi inaishia kwenye lango, lakini beseni lile linasema vingine. Kwa sababu hiyo ninasisitiza kwamba afya ya kazi na afya ya jamii zipangwe katika somo moja, na kwamba anayefua aitwe kwenye mafunzo sawa na anayepuliza.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa walio karibu na kazi zenyewe.

Mchangiaji: muuguzi, Kondoa

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa mada. Nakubaliana nawe, ila nataka kuongeza suala la wakati, kwa kuwa somo jema lililofika kwa kuchelewa halimsaidii mtu.

Wengi humu wanakumbuka mwaka 2016, ambapo sumukuvu ilileta maafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wagonjwa 68 waliorodheshwa na 20 kati yao wakafariki. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limevimba, mtu anatapika, na mwanzoni watu walitafuta sababu kila mahali isipokuwa ghalani. Sumu ile hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na haiondoki kwa kupika ugali hata uuive vipi. Akila kwa wingi kwa muda mfupi, ini la mlaji linaharibika upesi. Akila kidogo kidogo kwa miaka, anajiweka katika hatari ya saratani ya ini.

Sasa, nimehudhuria semina ya sumukuvu iliyofanyika mwezi Septemba. Mwezi huo mahindi yamekwisha kuvunwa na kuhifadhiwa, na mengine yamekwisha kuota kuvu. Tuliambiwa tuwashauri wananchi watupe mahindi yenye kuvu. Ndugu zangu, mtamwambiaje mama mwenye watoto watano atupe gunia pekee lililobaki? Ushauri wa namna hiyo hauna ubaya kwenye karatasi, lakini mtoaji anarudi mjini na mpokeaji anabaki na njaa. Somo la sumukuvu kwetu linatakiwa kutolewa kabla ya mavuno, yaani mwezi Aprili, wakati bado mtu anaweza kutafuta turubai la kuanikia badala ya kuanika juu ya udongo.

Kitu kilichowaingia akina mama kuliko vyote ni chupa ya chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, unatia mahindi na chumvi kavu, unafunika, unatikisa kwa dakika chache, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji na hayafai kuingia ghalani. Ikianguka yote chini, yamekaribia kufaa. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kipimo cha chupa hakifikii umakini huo, lakini mama anakifanya mwenyewe uani kwake bila kumsubiri mtaalamu. Mimi nilikifundisha siku ya kliniki ya watoto, kwa sababu ndiyo siku wanayokuja bila kuitwa.

Mleta uzi

Dada muuguzi, hoja yako ya wakati nimeipokea kwa mikono miwili, nami naomba niipanue, maana mkoa wetu una kalenda ya kazi iliyo wazi na mwandaaji mafunzo hana udhuru wa kutoijua. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwezi Machi na tena Agosti na Septemba. Magonjwa ya ukungu husumbua zaidi nyakati za mvua, kwa hiyo somo la kupuliza linafaa kutangulia mvua za Desemba. Joto kali la Oktoba na Novemba ndilo linalomwangusha fundi wa ujenzi, na kumfundisha habari za maji na kivuli mwezi Juni, wakati anatetemeka kwa upepo wa asubuhi, ni kupoteza nafasi.

Lugha nayo inakwenda pamoja na wakati. Tunasema Kiswahili kinaeleweka kote, na ni kweli, lakini mzee wa Kigogo, Kirangi au Kisandawe anapoeleza maumivu yake huyaeleza kwa lugha ya nyumbani. Mimi si mjuzi wa lugha hizo zote. Ninachofanya ni kumtafuta mtu wa palepale, mara nyingi mhudumu wa afya ngazi ya jamii, tukae naye kabla ya somo ili anipe maneno wanayotumia wenyewe kwa kizunguzungu, kikohozi na kuwashwa. Maneno hayo ndiyo ninayoyaandika kwenye bango.

Mchangiaji: msimamizi wa ujenzi, Dodoma mjini

Wakuu, nawasoma kwa makini, ila naomba mtusikie na sisi wa upande wa pili. Mnazungumzia wakulima wanaokaa mahali pamoja. Katika ujenzi wa mji huu, kuanzia majengo ya serikali kule Mtumba hadi barabara za mzunguko, kibarua anakuja Jumatatu na Ijumaa hayupo. Nikilipia mafunzo ya siku mbili, nimemfundishia mkandarasi mwingine. Tena wakufunzi hutushauri vumbi limwagiwe maji, na Dodoma maji yenyewe tunanunua kwa maboza. Niliwahi kugawa barakoa za kitambaa kwa wakata mawe wote, na bado watu wanakohoa. Nifanye nini kinachowezekana?

Mleta uzi

Mkuu, umeuliza swali la mtu anayetaka kutenda, nami nitajitahidi kulijibu kwa namna hiyo hiyo.

Kwanza barakoa. Vumbi linaloumiza mapafu ya mkata mawe ni lile laini ambalo jicho halilioni, lenye silika (madini yaliyomo kwenye mawe mengi na mchanga), na kitambaa hakilizuii. Mfanyakazi aliyevaa kitambaa anajiona amekingwa, hivyo anasogea karibu zaidi na msumeno. Silika ikikaa kwenye mapafu huacha makovu yasiyopona, na mapafu ya namna hiyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kifua kikuu hakibaki kazini. Kinalala chumba kimoja na mke na watoto huko mitaani Chang'ombe au Nkuhungu. Ndiyo maana ninasema somo la vumbi ni somo la jamii.

Pili, kabla ya kumfundisha mtu kuvumilia hatari, uliza kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa. Utaratibu unaokubalika duniani kote ni kuanza na kuondoa chanzo, kisha kubadili njia ya kazi, kisha kutenga hatari kwa mitambo, kisha kupanga taratibu na zamu, na vifaa vya kujikinga huja mwishoni kabisa. Sisi huku tumeupindua: tunaanza na barakoa na kuishia hapo. Kwa suala la maji, huhitaji kulowesha eneo zima. Unahitaji tone linaloanguka pale meno ya msumeno yanapogusa jiwe, na dumu lenye mrija na koki ndogo linaweza kulileta. Panga ukataji ufanyike upande upepo unakokwenda, mbali na wanaochanganya zege na mama lishe. Upepo wa Dodoma mnaujua, kwa miezi mingi unavuma kutoka mashariki, utumieni.

Tatu, kibarua wa wiki moja. Kwake, mafunzo ya siku mbili hayafai, nami sitakushauri uyalipie. Mpe dakika kumi kila asubuhi kabla ya kazi, juu ya kazi moja tu ya siku hiyo, mbele ya kifaa chenyewe. Siku ya kukata mawe ongeeni vumbi, siku ya kupandisha zege ongeeni jukwaa la mbao. Mafunzo marefu yawekeze kwa anayekaa: msimamizi wa zamu na mwakilishi wa usalama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri mwenye waajiriwa zaidi ya wanne kuwa na wawakilishi wa usalama na afya, na inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda. Vipimo hivyo visiwe karatasi ya kuonyesha wakaguzi. Ukiona wakata mawe watatu wana kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, hilo tayari limekuandikia mada ya somo lako lijalo, na wapelekwe kupimwa kifua kikuu siku hiyo hiyo.

Mchangiaji: mpagazi, soko la Kibaigwa

Shikamooni wakubwa. Mimi si msomi, nabeba mizigo hapa Kibaigwa, na ni katibu wa kikundi chetu. Tumewahi kuletewa mafunzo. Bango lilikuwa na picha ya mtu anachuchumaa, mgongo wima, anainua boksi kutoka chini. Mwalimu akatuambia tuinue kwa nguvu ya magoti.

Sisi hatuinui kutoka chini. Gunia linateremshwa na wenzako wawili kutoka juu ya rundo, linatua begani na shingoni, kisha unapanda ubao kuingia kwenye lori. Kinachotuumiza ni pale linapotua, na ubao unaonesa. Mwalimu hakuuliza ubao. Tulimsikiliza kwa heshima, tukanywa soda, tukarudi kwenye magunia.

Mleta uzi

Marahaba, ndugu yangu. Aya yako ya pili ingekuwa mbele ya macho ya kila anayetaka kuandaa mafunzo ya wapagazi, bango lile lisingechapishwa.

Nitasema wazi jambo ambalo wakufunzi hatupendi kulisema. Gunia la mahindi ni kilo 100, na likijazwa lumbesa linazidi hapo. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo unaobebwa mara kwa mara na mwanamume mtu mzima. Hakuna mkao wa magoti utakaolifanya gunia la kilo 100 kuwa la kilo 55. Kwa hiyo, kama ningeombwa leo kuandaa mafunzo ya Kibaigwa, walengwa wangu wa kwanza wangekuwa wafanyabiashara wa nafaka, viongozi wa soko na madereva wa malori, na mada ingekuwa ujazo wa gunia, ubao wenye vizuizi na usionesa, na mkokoteni wa kufikisha mzigo hadi kwenye lori. Ninyi wapagazi mngekuwa waalimu wa sehemu hiyo, kwa malipo ya mwalimu. Baada ya hapo ndipo tungekaa nanyi kuzungumzia mapumziko, maji ya kunywa, na vumbi la mahindi ambalo, kama dada muuguzi alivyoeleza, linaweza kuwa na kuvu pale shehena inapokuwa mbovu.

Mchangiaji: mkaguzi wa nyama, Chamwino

Naomba nigusie machinjio kwa kifupi. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilifuatiwa na Homa ya Bonde la Ufa mwaka 2007, na mkoa wa Dodoma ulikuwa miongoni mwa iliyoumia sana. Nchini kote watu 144 walifariki. Virusi vile hupita kwa mbu, na pia kwa damu na nyama ya mnyama mgonjwa, hivyo mchinjaji yuko mstari wa mbele. Tatizo langu ni kwamba vijana wanaochinja leo walikuwa watoto wadogo wakati ule, na somo lao halijarudiwa. Naunga mkono kalenda ya mleta uzi, na ningeomba somo la wachinjaji lifungwe kwenye utabiri wa hali ya hewa: pakitangazwa mvua za juu ya wastani, wachinjaji na wafugaji waitwe mara moja, wafundishwe pamoja, maana mfugaji ndiye anayeona ng'ombe wakitupa mimba kabla ya yeyote kati yetu.

Mchangiaji: afisa maendeleo ya jamii

Mleta uzi, umeeleza vizuri, lakini hujasema utajuaje kama mafunzo yamefanya kazi. Wafadhili wanataka namba. Na suala la posho umelikwepa.

Mleta uzi

Sikulikwepa, nililiahirisha. Posho ya nauli na chakula ni haki ya mtu anayeacha kibarua cha siku kuja kukusikiliza, na sioni aibu kuilipa. Ninachokipinga ni mafunzo kuhamishiwa ukumbini mjini kwa sababu ukumbi una posho kubwa, kisha wanaokuja ni wale wale wenye muda wa kuja. Somo likifanyika shambani au sokoni saa ya kupumzika, gharama inapungua na mhusika yupo.

Kuhusu kupima, mtihani wa maandishi kabla na baada unaniambia nani anakumbuka, na kwa wasiojua kusoma vizuri hauniambii hata hilo. Kwa wapulizaji wa zabibu nilikubaliana nao vitu vitatu vya kuhesabu: ni wangapi wanatia kichwa cha bomba mdomoni, ni mabomba mangapi yanavuja, na ni nguo ngapi za kupulizia zinafuliwa peke yake. Nilihesabu kabla ya somo, nikarudi msimu uliofuata nikahesabu tena. Mdomo ulikuwa umeachwa karibu kabisa. Nguo zilikuwa zimebadilika kwa nyumba chache tu, na nilipouliza nikaambiwa beseni ni moja na maji ni ya kununua. Hapo nikaelewa kwamba somo la nguo lilihitaji beseni la pili kuliko lilivyohitaji mkufunzi, na kwamba mwenye shamba ndiye aliyetakiwa kulinunua, na nguo zifuliwe pale pale shambani. Namba hizo mfadhili akizitaka ninampa, zikiwemo zile zisizopendeza.

Mchangiaji: mpagazi, soko la Kibaigwa

Mkubwa, nimewasomea wenzangu ulichoandika. Wanauliza kama kweli unaweza kuja. Njoo siku ya mzigo mwingi, usije siku tulivu, ukae kuanzia lori la kwanza hadi la mwisho. Ubao upo, utauona.

Mleta uzi

Nitakuja, na nitafika kabla ya lori la kwanza. Nitaleta mizani na futi ya kupimia kimo cha rundo na cha lori. Naomba uniandalie mambo mawili: nikutane na wapagazi wawili walioacha kazi kwa sababu ya mgongo au shingo, na umwombe mmoja wa wafanyabiashara akae nasi angalau saa moja akitazama gunia linapotua. Siku hiyo sitafundisha kitu.